Gari Halina Tatizo

Muuzaji alilieleza gari lake kwa maneno matatu: "Halina tatizo lolote." Akanikabidhi funguo, akalipigapiga boneti kama mtu anayemuaga ng'ombe aliyemlea mwenyewe, akaondoka bila kugeuka nyuma. Nikaendesha hadi nyumbani. Njiani nilizima redio ili nisikilize vizuri, na nilipofika nilikuwa na orodha ya matatizo kumi na moja.

Orodha ile ninayo bado. Niliiandika nyuma ya karatasi ya mauziano nikiwa sijashuka, huku bomba la ekzosi likialika-alika kwa kupoa, jambo ambalo nalo nililiandika. Linarukaruka. Injini inagonga kama cherehani. Oili inavuja kwa nyuma. Gia ya pili inakwaruza. Kuna maji yanacheza mahali nisipopaona. Taa ya kushoto inachelewa kuamka. Na kadhalika, kwa mwandiko unaozidi kuwa mbaya kadiri unavyoshuka.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya 1995: viti viwili, paa la turubai, injini ya lita 1.8 mbele, nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, na zile taa zinazolala ndani ya boneti mchana na kuchomoza usiku kama macho ya chura. Wajuzi watasema si gari la spoti la kutisha, na ni kweli. Nguvu zake za farasi hazifiki hata 140, na uzito wake ni tani moja hivi. Lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989 injini ilikuwa ndogo zaidi, ya lita 1.6. Waliolibuni walikuwa na msemo wao wa Kijapani, jinba ittai, yaani farasi na mpandaji kuwa kitu kimoja. Mimi nilikuja na msemo wa kwetu: mzoea punda hapandi farasi. Maisha yangu yote nimeendesha magari ya kifamilia, ambayo kazi yake kubwa ni kumficha dereva yote yanayotokea chini yake. Sasa nilikuwa nimekalia kitu kinachosema kila jambo, kwa sauti, kwa mtikisiko na kwa harufu, na sikujua hata neno moja la lugha yake.

Kwa hiyo kila nilichokisikia nilikiita ugonjwa. Na muuzaji nikamwita mwongo.

Kurukaruka ndiko kulikonisumbua zaidi. Kila kishimo cha lami kilipanda moja kwa moja hadi kwenye meno, na kwenye kona gari lilihangaika, mara limeshika, mara limeachia. Nilisoma usiku kucha, nikahitimisha kwamba shokapu zimekufa, nikaagiza seti nzima. Kabla haijafika nikapita kwa Mzee.

Mzee ni fundi aliyestaafu. Alianza kushika spana enzi za kabureta na platini, na kustaafu kwake kuna maana moja tu: sasa anatengeneza magari bila mtu wa kumharakisha. Alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma, bila kugusa kitu.

"Upepo umejaza kiasi gani, mwanangu?"

"Thelathini na tano, Mzee. Kama kawaida."

"Kawaida ya gari gani?"

Sikuwa na jibu. Alifungua mlango, akanionyesha kibandiko kilichofifia kwenye fremu yake. Psi 26, mbele na nyuma. Gari jepesi namna hii, lenye tairi ndogo za rimu 14, halihitaji upepo wa gari linalobeba watu watano na mizigo yao. Nilikuwa nimelijaza kama mpira wa kikapu, halafu nikashangaa kwa nini linadunda. Tukapunguza upepo pale pale, nikaenda kuzunguka, nikarudi nikiwa nacheka peke yangu. Shokapu zilipofika niliziweka juu ya kabati. Ziko hapo hadi leo, ndani ya maboksi yake.

Mzee hakuwa amemaliza. Aliinama akasoma ubavu wa tairi, zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, ambazo watu wengi hupita maisha yao yote bila kuzitazama. Mbili za kwanza ni wiki ya mwaka, mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Zangu zilisomeka 2209, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2009. Kashata, yaani mikato ya usoni mwa tairi, zilikuwa nzima, karibu mpya, kwa sababu gari lilikuwa limesimama zaidi ya kutembea, lakini mpira wenyewe ulikuwa umekauka na kuwa mgumu kama kwato. Hapo nikakumbuka siku ya tatu baada ya kununua, mvua inanyesha, mimi ninakata kona taratibu kabisa, na mkia wa gari ukanipita na kutaka kujua mbele kuna nini. Nilikuwa nimejieleza kwamba ndivyo yalivyo magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Nilikuwa hata nimeanza kujisifu kwa watu jinsi nilivyolidhibiti. Tairi mpya zilimaliza hadithi hiyo, na mimi sijaisimulia tena.

"Hili gari lina tabia, lina maradhi, na lina mikono ya watu," Mzee aliniambia nilipokuwa naondoka. "Ukichanganya hivyo vitatu utafilisika."

Nilikwenda nyumbani nikachukua daftari, nikachora safu tatu. Upepo wa tairi uliingia kwenye safu ya mikono ya watu, na mikono yenyewe ilikuwa yangu.

Ile sauti ya cherehani iliniweka juu juu kwa muda mrefu. Tik-tik-tik-tik, hasa asubuhi, inayokwenda kasi kila nikikanyaga mafuta. Kwenye injini hizi za miaka ya tisini, kati ya kemshafti, ule mhimili unaosukuma valvu zifunguke, na valvu zenyewe kuna vikombe vidogo vinavyojazwa oili kwa presha ili kuziba ile nafasi ndogo iliyobaki. Oili ikiwa chafu, au ikichelewa kufika, au gari likiwa linatembezwa safari fupi fupi tu, vikombe vinabaki na hewa ndani na vinagonga. Fundi anayezijua husikia akatabasamu. Asiyezijua hukwambia injini ifunguliwe. Nilibadilisha oili, lita kama nne pamoja na filta, nikaenda safari ndefu ya saa nzima, injini imechemka vizuri na mizunguko ikipanda juu kidogo kuliko ilivyozoea. Kimya. Wiki iliyofuata nikawa na safari za dakika tano tano tu, na cherehani ikarudi kazini. Hiyo nikaiandika kwenye tabia, ikiwa ya kwanza kabisa katika safu hiyo, na nikajisikia kama mtu aliyejifunza salamu kwa lugha ya kigeni.

Geji ya presha ya oili ilinifunza jambo la namna nyingine. Nikiwasha gari, sindano inapanda hadi katikati na kukaa hapo. Mwendo wa pole, katikati. Mlima, katikati. Ilikuwa ndiyo kitu pekee ndani ya gari zima ambacho hakikunipa wasiwasi, na mara nyingi, cherehani ikilia, niliitazama sindano ile ili nipate kutulia. Mpaka siku Mzee aliponiuliza kama nimewahi kuiona ikisogea.

Magari ya kwanza ya aina hii yalikuwa na geji ya kweli: ndani yake kuna kipimo, na sindano inapanda na kushuka kila ukikanyaga na kuachia. Wenye magari wasiojua walikuwa wakiiona inacheza na kupata hofu. Kwenye matoleo ya baadaye, likiwemo langu, kipimo kiliondolewa, ikawekwa swichi. Presha ikipita kiwango fulani cha chini, swichi inafunga na sindano inasimama katikati. Ikishuka chini ya hapo, sindano inaanguka. Hakuna kingine inachokijua. Kwa maneno mengine, ni taa ya onyo iliyovaa nguo za geji. Geji za joto la injini kwenye magari mengi nazo zimefugwa kwa mtindo huo huo, zinakaa katikati kwa nyuzi nyingi sana kabla ya kukubali kwamba kuna shida.

Sikulaumu aliyebuni. Dereva anayetazama sindano inayotulia ni dereva anayelala usiku. Lakini tangu siku hiyo ninachomoa kijiti cha oili kila Jumamosi, nakifuta kwa kitambaa, nakirudisha, nakisoma upya. Nimekiamini kijiti.

Sasa nieleze kuhusu kuvuja kwa oili, kwa sababu hapo ndipo nilipokaribia kupoteza akili.

Kila asubuhi palikuwa na tone chini ya gari, mahali injini inapokutana na giaboksi. Tone moja, wakati mwingine mawili, meusi. Nililipeleka gereji moja, wakalipandisha juu, wakamulika kwa tochi sekunde kumi. Jibu likawa sili ya nyuma ya krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Ukitaka kuifikia ni lazima ushushe giaboksi, na ukishaishusha ni vizuri ubadilishe na klachi, na ukifika hapo basi na flaiwili ipelekwe ikachongwe. Kazi ya kipande kidogo cha mpira ikawa imezaa watoto na wajukuu. Nikaomba nifikirie kwanza.

Mzee hakutazama chini kabisa. Alifungua boneti.

"Oili inapanda au inashuka?"

"Inashuka, Mzee."

"Basi kwa nini unaitafuta chini?"

Akanituma nikaoshe injini yote kwa nyuma, nikaushe, kisha nipulizie poda, ile ile ya kupaka watoto. Nilifanya hivyo nikijiona mjinga. Nikaendesha siku mbili. Nilipofungua tena, kwenye ule weupe wa poda palikuwa na mstari mweusi mmoja, mwembamba, ulionyooka kama uliochorwa kwa kalamu. Ulianzia juu kabisa, nyuma ya kichwa cha injini, ukashuka ukutani mwa injini, ukapita juu ya nyumba ya klachi, ukadondokea pale pale palipokuwa pakisingiziwa sili.

Mahali ulipoanzia kuna sensa inayosoma mzunguko wa kemshafti ili kompyuta ya gari ijue wakati wa kuchoma plagi. Sensa hiyo imeingizwa kwenye kichwa cha injini kama kizibo kwenye chupa, na kinachozuia oili isitoke ni pete moja ya mpira. Miaka mingi ya joto huigeuza pete hiyo kuwa plastiki. Nilipoitoa haikunyooka, ilivunjika vipande vitatu mkononi. Mpya ilikuwa laini, nyeusi, inang'aa, na ingeweza kupotea mfukoni.

Kazi yenyewe ni boliti moja. Ila boliti hiyo iko kwenye uchochoro kati ya injini na ukuta wa nyuma, mahali ambapo mkono unaingia lakini hauwezi kukunja, na unapapasa tu kama mtu anayetafuta shilingi chini ya kitanda. Ilinichukua alasiri nzima. Mzee alikuwa amenionya jambo moja: sensa ile inaweza kuzungushwa kidogo kushoto na kulia, na mahali inaposimama ndipo taimingi ya moto inapoamuliwa, kwa hiyo nichore alama kabla ya kuitoa. Nilichora. Kwa kalamu ya wino. Kisha nikaisafisha sensa vizuri kwa petroli, na alama nayo ikasafishika.

Gari liliwaka. Kuvuja kulikwisha. Lakini lilikuwa limechoka, halivuti, kama limetoka kuugua malaria. Siku tatu nilizunguka nikitafuta ugonjwa mpya: nikabadilisha plagi, nikabadilisha waya zake, nikaitukana pampu ya mafuta. Nilikuwa na aibu ya kurudi kwa Mzee, na aibu imewahi kuua magari mengi kuliko kutu. Niliporudi hatimaye alinisikiliza, akauliza alama iko wapi, akaangalia pembeni ili asicheke mbele yangu.

Kwenye chumba cha injini kuna kiboksi kidogo cheusi chenye kifuniko, na ndani yake matundu yenye majina. Unaunganisha tundu la TEN na la GND kwa kipande cha waya, na kompyuta inaacha kujirekebisha yenyewe. Injini ikiwa ya moto na inazunguka yenyewe karibu na mizunguko 850 kwa dakika, unamulika puli ya krenki kwa taa ya taimingi, ile inayowaka na kuzima pamoja na plagi ya kwanza, na alama iliyokuwa inazunguka inaonekana imesimama. Inatakiwa isomeke nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Yangu ilisomeka karibu 2. Mzee alizungusha sensa kwa upana wa ukucha, injini ikapumua, akakaza boliti. Plagi na waya zilizotoka zilikuwa nzima. Niliandika kwenye daftari, safu ya tatu, mstari wa pili, na jina la mwenye mikono lilikuwa lile lile.

Ya betri nitayapita haraka. Kwenye gari hili betri haiko mbele, iko kwenye buti, na kwa sababu hiyo kiwandani waliweka betri ndogo iliyofungwa, yenye mirija ya kutolea gesi nje. Mtu fulani kabla yangu aliweka betri ya kawaida, kubwa, bila mirija, akaifunga kwa kamba. Mvuke wa asidi ukala rangi, kisha ukaanza kula bati. Niliikwangua kutu, nikapiga rangi, nikaweka betri inayostahili. Jicho lililokuwa linachelewa kuamka nalo halikuwa mota kama nilivyodhani, bali waya wa athi uliofunga ukungu wa kijani. Kusugua kwa msasa dakika mbili kulitosha. Nilisikitika kidogo, maana watoto wa jirani walikuwa wamezoea kukonyezwa.

Maji lakini hayakupitika haraka.

Nikifunga breki, nyuma ya kiti changu nilisikia shwaa, kama ndoo inayobebwa na mtu mwenye haraka. Nilidhani ni tanki la petroli. Nililijaza pomoni ili lisicheze, na sauti ikabaki. Nilipoinua kapeti nilikuta sponji iliyolowa inayonuka kama kinamasi. Turubai la gari hili likipokea mvua, maji yanashukia kwenye mfereji wa mpira nyuma ya viti, halafu kila upande kuna tundu la kuyapeleka chini ya gari. Gari likikaa chini ya mti, majani yanaingia, yanaoza, yanakuwa udongo. Matundu yangu yalikuwa yameziba kiasi kwamba kwenye moja nilitoa mche mdogo wenye majani mawili. Maji yakikosa njia hayarudi mbinguni, yanatafuta njia yao, na njia yao ni ndani ya lile boksi la bati linalopita chini ya mlango, ambalo ndilo uti wa mgongo wa gari lisilo na paa.

Mzee alipita akigongagonga boksi lile kwa mpini wa bisibisi, kama daktari anayegonga kifua. Ngo, ngo, ngo, na karibu na gurudumu la nyuma la kushoto sauti ikabadilika. Pof. Akaligeuza bisibisi upande wa ncha, akasukuma kidogo, likaingia. Tulitazamana.

Hilo lilikuwa la safu ya pili. Halikuwa tabia, wala halikuhitaji kusikilizwa kwa hekima. Lilihitaji msumeno na mtu wa kuchomelea. Kipande cha urefu wa mkono kilikatwa, kikawekwa bati jipya. Kati ya yote kumi na moja niliyoyaandika siku ya kwanza, hili ndilo lililokuwa linaliua gari kweli, na nilikuwa nimeliandika katikati tu ya orodha, baada ya gia ya pili. Sasa kila mwisho wa mwezi namwaga kikombe cha maji kila upande, na nachungulia chini kuyaona yanatoka.

Baada ya hapo nilianza kuwa mjuzi, na mjuzi mpya ni hatari. Gia ya pili ilikuwa inakwaruza asubuhi. Nilikuwa nimeshajua kwamba giaboksi hizi, oili yake ikiwa baridi, gia ya pili hukataa kwa dakika chache za kwanza, na dawa ni kutoilazimisha: toa ya kwanza, pumzika kidogo pale kati, weka ya pili, au iruke kabisa. Nilishaiandika kwenye tabia. Kwa hiyo ilipoanza kukwaruza na rivasi, nikasema ni tabia. Ilipoanza kukwaruza hata mchana, injini ikiwa ya moto, nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya mtu aliyekaa na Mzee miezi mitano, kwamba magari ya zamani yana mambo yake.

Jioni moja nilisimama kwenye taa nyekundu. Nikakanyaga klachi, ikashuka hadi sakafuni, ikabaki huko. Sikuona ishara nyingine. Pedali ililala tu, kama imekata shauri. Taa ikawa ya kijani, nyuma yangu honi zikaanza, na mimi nikiwa nimeinama chini ya usukani nainua pedali ya klachi kwa vidole vya mguu.

Klachi ya gari hili inasukumwa na mafuta ya breki. Kuna silinda moja ndogo juu, karibu na pedali, na nyingine chini, ubavuni mwa giaboksi, na ile ya chini mpira wake hujulikana kwa kuchoka mapema. Ikianza kuvuja, klachi haiachii yote. Giaboksi inaendelea kuzungushwa kidogo hata ukiwa umekanyaga hadi mwisho, na hicho ndicho kilichokuwa kinakwaruza: rivasi kwanza, kisha gia ya kwanza gari likiwa limesimama. Ningefungua boneti ningeona chupa ya mafuta ya klachi imebaki na tope tu. Sikuifungua, maana tayari nilikuwa na jibu.

Mzee hakunigombeza. Alibadilisha silinda zote mbili, nikakaa ndani nikimpigia pedali, "kanyaga, shikilia, achia," tukatoa hewa mpaka mafuta yakatoka safi. Kisha aliomba daftari, kwa mara ya kwanza. Alilisoma lote. Akachukua kalamu, na pembeni mwa "gia ya pili inakwaruza", kwenye safu ya tabia, akaandika: lini? wapi? ikiwa ya moto au ya baridi?

Tangu hapo kila ninachoandika kina saa yake na hali yake. Mlio wa bati saa mizunguko inapopita 3,000, unatoweka ukipita 3,200: kinga ya joto ya ekzosi, boliti moja imeliwa. Harufu ya petroli, tanki likiwa limejaa tu, siku za jua. Mtikisiko mdogo wa usukani kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, haupo 90, haupo 110: mizani ya magurudumu. Mguso wa moto kwenye mguu wa kushoto na mvumo wa giaboksi unaoingia ndani: mfuko wa mpira chini ya liva ya gia umechanika, na ule mtungi mdogo pale chini ya liva, ambao unapaswa kuwa na oili yake yenyewe isiyofika hata mililita 100, ulikuwa mkavu kama kibuyu. Nilipoujaza na kubadilisha mpira, liva ilianza kuingia kwa sauti ndogo, tlik, fupi na safi, na kwa muda wa wiki moja hivi nilikuwa nabadilisha gia bila sababu yoyote.

Juzi rafiki yangu mmoja alitaka kuzungushwa. Tulishusha paa, tukatoka asubuhi, gari likiwa bado la baridi. Nilikuwa namweleza kuhusu mche ulioota kwenye mfereji, nikiiruka gia ya pili bila kufikiri, mkono wenyewe ukijua njia. Yeye alikuwa amekaa wima, kichwa amekiinamisha upande mmoja, uso umekunjamana kidogo.

"Samahani," akasema. "Hiyo sauti vipi?"

"Sauti gani?"

"Hiyo. Kama cherehani."

Ilinibidi nipunguze mwendo na kutega sikio ndipo nikaisikia. Nilimtazama, nikapigapiga dashibodi.

"Hii? Halina tatizo lolote."